Tatizo si chuma: dirii yenu imekatwa vibaya

*"Sisi ni kikundi cha vijana wa hapa Lubumbashi. Tunapiga tamthilia ya vipindi sita juu ya ufalme wa kubuni: kuna malkia, jemadari wake na askari wanane. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea dirii ya jemadari kwa bati la chuma la milimita 2: kifua, mgongo na mabega, jumla kilo 14. Kwenye picha inang'aa vizuri. Lakini jemadari hawezi kuinua upanga juu ya kichwa, akikaa inamkaba koo, na baada ya saa moja juani alitaka kuzimia. Kila akisogea, maikrofoni inapokea kelele. Wenzangu wanasema tuhamie sponji, mimi naogopa itaonekana mchezo wa watoto. Na ya malkia fundi anataka kuichonga na matiti mawili kama tunavyoona kwenye filamu. Tufanye nini? Pesa ni kidogo."*

Ndugu yangu, maswali yako ni mengi lakini hofu ni moja: kwamba lazima mchague kati ya deraya (vazi lote la vita, ambalo dirii ni sehemu yake) ya kweli isiyovalika na deraya ya uongo inayovalika. Msiiogope sana. Kinachomkaba jemadari wenu koo ni mkato, chuma kinasingiziwa tu. Fundi wenu anajua kuchomelea, na bila shaka milango yake inafunga vizuri, lakini mlango haupumui, haukai kitini, hauinui mkono. Deraya ni nguo kwanza. Mngepeleka kitambaa kizuri kwa fundi wa nguo asiyejua kupima kwapa, shati lingekaba vilevile, na hakuna ambaye angelaumu pamba.

Tuanze na uzito, maana hapo filamu zimetudanganya. Deraya kamili ya vita ya Ulaya ya karne ya 15, inayomfunika mtu kutoka utosini hadi vidole vya miguu, ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi. Ninyi mmefika 14 kabla ya chapeo, mikono na miguu. Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 1 ina karibu kilo 7.9, cha milimita 2, karibu kilo 15.7. Kifua, mgongo na mabega ya mtu mzima vinakula kama mita 0.9 za mraba mkiteremsha bati mpaka nyongani, na kwa jinsi unavyoeleza kukabwa koo, naamini ndivyo mlivyofanya. Hapo kilo 14 zimepatikana. Wahunzi wa zamani hawakutumia unene mmoja kila mahali: katikati ya kifua waliacha milimita 2 au 3, wakapunguza kuelekea ubavuni, na mikononi ikabaki kama milimita 1. Ninyi hamna mkuki wa kweli unaokuja. Milimita 1 mahali pote inatosha, na papo hapo mmeondoa nusu ya mzigo.

Ile picha ya shujaa anayepandishwa farasini kwa winchi, ambaye akianguka analala chali kama kobe, iwekeni pembeni. Jean Boucicaut, jemadari wa Ufaransa aliyetekwa vitani Agincourt mwaka 1415, anasimuliwa na mwandishi wa maisha yake kuwa alipinduka hewani akiwa amevaa deraya yote isipokuwa chapeo. Hata tukiondoa chumvi ya msifiaji, mtu aliyevishwa mlango asingesimuliwa hivyo. Kwa upande mwingine, deraya haikuwa pamba. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwatembeza watu waliovaa deraya za namna hiyo juu ya mkeka unaozunguka, wakapima pumzi zao. Kutembea kuliwagharimu nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida. Sababu zilikuwa mbili. Kilo zilizofungwa miguuni zinarushwa mbele na kurudishwa kila hatua, jambo ambalo mzigo wa mgongoni haulifanyi. Na kifua kilichobanwa kilishindwa kuvuta pumzi ndefu, kikabaki kuvuta fupi fupi za haraka. Hilo la pili lishikeni, linahusu moja kwa moja kuzimia kwa mwenzenu.

Anayejua habari za Daudi anakumbuka alivyovishwa mavazi ya vita ya Sauli akashindwa kwenda nayo kwa kuwa hakuwa ameyajaribu. Sauli alikuwa mtu aliyewapita wengine wote kuanzia mabega kwenda juu. Mvulana ndani ya dirii ya jitu hilo angefanya nini? Kwa hiyo swali la kwanza nililo nalo kwenu ni hili: fundi alimpima jemadari, au alipima kwa macho?

Sasa mkato wenyewe. Mwambieni jemadari asimame, ainame kwa upande mmoja kama anayetaka kugusa goti. Pale ubavuni panapokunjika, juu ya kitovu kidogo, ndipo kiuno chake cha kweli, na hapo ndipo dirii inatakiwa kuishia. Filamu nyingi zinaishusha mpaka kwenye mkanda wa suruali kwa sababu mwili unaonekana mrefu. Mtu akisimama hakuna shida. Akikaa, mapaja yanausukuma ukingo wa chini kwenda juu, na bati, kwa kuwa halikunjiki, linakwenda kutua kooni. Ndicho kinachompata.

Chini ya kiuno wekeni vipande vya mviringo vinne au vitano, kila kimoja na upana wa sentimita 7 hivi, vikipandana sentimita 2 au 3, vimening'inia kwenye mikanda mitatu ya ngozi iliyofichwa ndani. Hivyo vinajikunja kama magamba ya kakakuona. Ukingo wa juu uacheni vidole vitatu chini ya shimo la koo. Kwapani kateni kwa ukarimu, kuelekea katikati ya kifua kuliko mnavyodhani ni salama: mtu akijikumbatia, mikono lazima ikutane bila kugusa bati. Kati ya kifua na mgongo, ubavuni, acheni nafasi ya sentimita 3 au 4 inayofungwa kwa mikanda yenye bizimu. Nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu mbavu kupanuka. Fundi akiiziba kwa kuchomelea ili ionekane imara, mwigizaji anabaki na zile pumzi fupi za Leeds.

Mabega yana kosa lake la pekee. Kwenye tamthilia nyingi bega limepigiliwa kwenye dirii, basi mkono ukipanda, bega linapanda nalo na kumpiga mtu sikioni. Kipande cha bega kinatakiwa kuning'inia, juu kimefungwa kwa kamba kwenye kola au kwenye fulana nene ya ndani, chini kimeshikwa na mkanda unaozunguka mkono. Kikifungwa hivyo kinaufuata mkono. Na hiyo fulana nene ya ndani msiione kama anasa. Ndiyo inayobeba kila kitu, inakunywa jasho, inazuia mchubuko. Mkikaza mkanda mpana kiunoni juu ya dirii, sehemu kubwa ya uzito inahamia nyongani na mabega yanapumzika.

Kabla ya kukata chuma au sponji, kateni katoni. Mfungeni jemadari karatasi ya plastiki nyembamba juu ya fulana, mzungushieni tepu pana mpaka awe kama mdoli, kisha chora juu yake kwa kalamu: mstari wa katikati, kiuno, kwapa, koo. Kateni ubavuni kwa mkasi butu, mkono mmoja ukiwa kati ya mkasi na mwili. Mnachopata ni ngozi ya pili ya mtu huyo. Ipasueni kwenye mistari ili ilale bapa, hamishieni kwenye katoni, unganisheni kwa tepu, mvisheni. Mwambieni ainue mikono yote, ajikumbatie, akae, afunge kamba za viatu, alale chini na kuamka. Panapogoma, kateni. Katoni haigharimu kitu, na siku moja ya kazi hii itawaokolea wiki.

Juu ya sponji, hofu yako ya mchezo wa watoto naielewa, lakini angalia kinachomsaliti mtu kwenye skrini. Bei ya kitu haionekani. Tamthilia ya The Witcher ilipotoka mwaka 2019, deraya nyeusi za askari wa Nilfgaard, zilizojaa mikunjo kama zabibu kavu, zilichekwa mpaka zikabadilishwa kwenye msimu wa pili wa 2021, na wale hawakukosa pesa. Kwenye Game of Thrones, mbunifu wa mavazi Michele Clapton alieleza hadharani kuwa makoti ya manyoya ya walinzi wa Ukuta yalikuwa mazulia ya IKEA, yaliyokatwa, kunyolewa na kuchakazwa. Nani aliona zulia?

Kinachosaliti ni ukingo, mwendo na rangi. Ukingo wa sponji una unene wa milimita 10 na ni mkavu kama mkate uliokatwa, wakati chuma kina ukingo mwembamba uliokunjwa. Mwendo: sponji ikikunjamana tumboni mtu anapoinama, kila mtazamaji anajua si chuma. Dawa ni ileile niliyoitaja kwa bati, viungo viwe pale ambapo chuma kingekuwa na viungo. Sponji iliyokatwa kama mlango itajikunja vibaya pale pale ambapo bati lilikaba. Kwa hiyo kuhamia sponji bila kubadili mkato kungewapa kosa lilelile, jepesi zaidi tu.

Sponji ninayosema ni ile ngumu ya mikeka ya mazoezi na ya vile vipande vya sakafu ya watoto vinavyoungana kama fumbo. Ya godoro haifai, inakunywa gundi na rangi bila kushiba. Tafuteni milimita 10 kwa kifua na mgongo, 5 au 6 kwa mabega na mikono, 2 kwa nakshi. Mita ya mraba ya milimita 10 ina kama kilo moja, nyingine chini ya hapo. Linganisha na 15.7 yenu.

Wembe uwe mkali sana, mwunoe au mwubadilishe kila baada ya mikato michache. Wembe butu unararua sponji na kuacha meno ambayo rangi haifichi. Gundi ni ile ya mafundi viatu, kole ya kawaida. Kosa la kila anayeanza ni kubandika ikiwa bado mbichi. Pakeni nyembamba pande zote mbili, subirini dakika 5 hadi 10 mpaka kidole kikigusa hakinati, halafu gandamizeni mara moja, kwa usahihi, maana haiachii tena. Ikibandikwa mbichi, kiungo kitafunguka siku ya kwanza ya jua kali. Fanyieni nje au penye upepo. Mvuke wake kwenye chumba kilichofungwa unaumiza kichwa, na unawaka, kwa hiyo mbabula (jiko la makaa) iwe mbali.

Kuipa sponji umbo la kifua kunahitaji joto. Mashine ya kupuliza hewa moto ni bora, ile ya kukaushia nywele kwa kawaida haifiki. Msipoipata, mbabula ya makala inaweza kufanya kazi: shikilieni kipande sentimita 20 juu ya makala yasiyo na moshi, mkikisogeza wakati wote, mpaka uso wake ung'ae kidogo na ulegee. Hapo kikunjeni juu ya goti au chungu, mkishikilie nusu dakika kipoe. Kikitoa moshi mmekiunguza, kiondoeni haraka na msivute hewa yake. Sehemu zilizokwisha kupakwa gundi msizipeleke hapo kabisa. Kule kung'aa ni dalili kwamba vitundu vya juu vimeziba, na rangi haitanyonywa.

Ukingo ndio siri yenyewe. Chukueni kamba ya unene wa milimita 6, ibandikeni kuzunguka kingo zote zinazoonekana: shingo, kwapa, kiuno. Ndivyo wahunzi walivyofanya kweli, walikunja ukingo wa bati kuzunguka waya ili ncha ya upanga isiteleze kuelekea koo na ukingo usimkate mvaaji. Kwenye sponji kamba hiyo inaficha unene, na ghafla kitu kina uzito machoni. Vichwa vya ribiti vifanyeni kwa misumari ya makochi iliyokatwa miguu, lakini kwenye viungo tu, mahali ambapo kitu kinashikilia kitu. Vivyo hivyo kwa mikanda. Tamthilia za siku hizi zimejaa mikanda ya ngozi isiyofunga chochote, na jicho linachoka bila kujua kwa nini.

Pakeni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka 3 au 4, kila moja ikauke. Halafu rangi nyeusi yote. Ndiyo, nyeusi. Kosa la kupuliza fedha moja kwa moja ni kwamba chuma cha kweli si cheupe: ni cheusi kinachomeremeta mahali panapoguswa. Juu ya weusi, chovyeni brashi kavu kwenye rangi ya fedha, ifuteni kwenye gazeti mpaka karibu iishe, kisha pitisheni kwa wepesi kwenye kingo na miinuko. Sugueni unga wa penseli kwa kitambaa kwenye sehemu bapa. Mwisho tope jembamba la kahawia kwenye pembe, vumbi jekundu la kwetu chini karibu na nyonga. Lubumbashi imewapa vumbi hilo bure, litumieni.

Na kwa kuwa ni mji wa shaba, nawashauri shaba iwe ya cheo tu. Shaba tupu ni laini. Ili iwe silaha ilihitaji bati jeupe (madini ya stani, si bati la kuezekea) kama sehemu moja kwa kumi, ikawa shaba nyeusi ngumu, yaani bronzi. Lakini kwa hadithi ina faida kubwa: iliyosuguliwa inang'aa nyekundu, iliyoachwa inakuwa ya kahawia, na penye unyevu inaota kijani. Jemadari mwenye ukanda wa shaba unaong'aa ni mtu mwenye watumishi wa kuusugua. Mwasi wake avae ileile iliyoota kijani, na hamtahitaji maneno. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa mali na fedha, na ilizikwa na wafu kwenye makaburi ya kale ya Sanga. Ivalisheni shingoni kwa malkia au kifuani kama nembo, msiipigilie kama kiraka. Rangi ya shaba juu ya sponji inatosha. Nyaya za shaba zinazouzwa barabarani hamjui zimetoka wapi, ziacheni.

Askari wanane msiwatengenezee dirii nzima, ya chuma wala ya sponji. Hapa ndipo mtaokoa pesa, na mtakuwa wakweli zaidi ya filamu kubwa. Kwa karne nyingi askari wa kawaida alivaa vitambaa vilivyoshonwa pamoja tabaka kwa tabaka. Huko Ulaya fulana nzuri zilifika tabaka 25 hadi 30. Huku Afrika, wapanda farasi wa Bornu na Sokoto waliwavika farasi na watu mavazi mazito ya kushonwa, yaliyojazwa sufi au pamba. Tabaka nene la nguo linazuia mkato wa upanga vizuri ajabu. Kwa kamera zinatosha tatu: gunia au pamba nzito nje, blanketi kuukuu katikati, kitambaa laini ndani. Fundi wa nguo apige mistari ya wima kila sentimita 4 au 5. Mwambieni aongeze sentimita 6 kwenye mzunguko wa kifua kabla ya kushona, kwa sababu mistari hiyo inavuta na vazi linapungua. Asipoongeza, askari wote watakuwa hawafungi. Juu yake kila mmoja apate kitu kimoja cha chuma cha uongo: bega moja, au chapeo, au bamba la kifua dogo. Wanane wasifanane kabisa, ni jeshi, si kwaya.

Mkitaka na deraya ya pete, fumeni kwa uzi mnene wa katani, mfumo uliolegea, pakeni nyeusi kisha fedha kwa brashi kavu. Mbinu hiyo ni ya zamani jukwaani na inafaa kwa umbali wa mita tatu. Kwa karibu haidanganyi, kwa sababu pete za kweli zinaning'inia kwa uzito, vazi zima kilo 10 na kitu. Shoneni vipande vidogo vya chuma kwenye pindo la chini ili livutwe.

Juu ya malkia, nampinga fundi wenu, na si kwa sababu ya adabu. Dirii ina kazi ya kuufanya upanga uteleze kwenda nje. Ndiyo maana kifua chake ni tumbo la chungu, kimevimba katikati na kushuka pande zote. Matiti mawili ya chuma yanatengeneza bonde katikati, na kila ncha inayotua juu yake inateleza kuelekea bondeni, kwenye mfupa wa kifua. Akianguka kifudifudi ukingo wa bonde hilo ndio unaompokea. Dirii iliyovimba tayari ina nafasi ya kifua cha mwanamke. Ongezeni kina cha sentimita 4 hadi 6, avae sidiria inayobana vizuri, na mbane kiuno, umbo lake litaonekana. Mtazameni Brienne wa Game of Thrones: hakuna aliyesahau kuwa ni mwanamke, na dirii yake ni dirii.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Majemadari wa Roma walivaa dirii zilizochongwa misuli na hata chuchu, na wafalme wa Ulaya wa karne ya 16 walikuwa na deraya za gwaride zilizojaa nakshi za kuinuka, ambazo vitani zingekamata kila ncha. Malkia wenu akikaa barazani kupokea wageni, mpeni nakshi mnazotaka. Akipanda farasi kwenda vitani, abadilishe. Kubadilisha huko kwenyewe ni tukio zuri la kupiga.

Kwenye chapeo mnajua shida: uso ndio mliomlipia mwigizaji. Vitani chapeo ndiyo kitu cha mwisho mtu angevua. Kwenye skrini ni cha kwanza. Tengenezeni iliyo wazi usoni, yenye kinga ya pua tu, au yenye mlango unaoinuliwa. The Mandalorian ya 2019 ilionyesha kuwa mtu mwenye chapeo iliyofungwa anaweza kubeba tamthilia nzima kwa mabega na shingo, ila hiyo inataka mwigizaji anayejua kutumia mwili. Pembe msiweke. Zile za watu wa Skandinavia zilienezwa na mavazi ya opera ya Ujerumani mwaka 1876, na pembe kazi yake ni kumpa adui mahali pa kushika.

Kelele: sponji iko kimya, ikilia kidogo pakeni poda kwenye viungo. Tatizo linageuka, mtalazimika kuongeza sauti baadaye. Rekodini vifuniko vya sufuria, funguo na mkanda wa ngozi kwenye chumba chenye mapazia, mkiwa mmevaa na kutembea kwa mwendo wa jemadari. Kwenye mapigano, msimwache mtu apasue dirii kwa upanga kama papai. Upanga hauipasui. Aliyetaka kumuua mwenye deraya alitafuta kwapa, kinena, matundu ya macho, au alichukua rungu. Mkiandika pigano juu ya nafasi hizo litakuwa na akili.

Sasa yale msiyoweza kuyamaliza kwa kusoma. Sponji haikingi kitu. Panga za chuma zisiwaguse waigizaji, na mapigano yapangwe polepole na mtu anayejua, awe mwalimu wa judo au wa ngoma, akiwa pale. Fundi asichomelee mabati yenye zinki ndani ya chumba: mvuke wake unaleta homa na baridi ya mwili saa chache baadaye, na kifua kikibana aende hospitali. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, pigeni asubuhi na jioni. Mvaaji avue kila dakika 30 hadi 40, anywe maji, akae kivulini. Anayeanza kuongea ovyo, kutapika, au ngozi yake kuwaka moto, mvueni palepale, mmwagieni maji, mpepeeni, na aende hospitali bila kusubiri apate nafuu. Ulizeni faraghani kama kuna mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) au pumu kabla ya kugawa nafasi. Mwenye SS akikaukiwa maji anaweza kupata maumivu makali, na hapaswi kuvaa deraya bila daktari wake kukubali. Na kabla ya kutoka barabarani na watu kumi wenye mapanga, hata ya mbao, pitieni kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) na polisi mpate karatasi.

Ile dirii ya kilo 14 msiiuze kwa chuma chakavu. Mwambieni fundi aikate kiunoni na kwapani kwa vipimo vya katoni, aifungue ubavuni, akunje kingo kuzunguka waya wa milimita 3, na mabega ayatoe yaning'inie. Itashuka mpaka kilo 8 au 9. Jemadari aivae kwenye picha za karibu anaposimama tu na kuongea, dakika kumi kwa mara, na ya sponji ifanane nayo mpaka mikwaruzo, kwa ajili ya kukimbia.